Tulivyoihamisha Karakana ya Barafu

Mashine yetu ya barafu, inayotumia umeme wa jua, tuliianzia Nyamisati, kijiji cha wavuvi kwenye delta ya Rufiji, katika chumba cha uani kwa mama mdogo. Yeye hununua kamba kwa wavuvi na kuwapeleka mjini, na wengi walikuwa wakimharibikia njiani. Mimi na mwenzangu niliyesoma naye ufundi tulimwomba chumba. Akatupa, pamoja na kamba wa kufanyia majaribio. Mara nyingi mashine iligoma, kamba wakaoza. Alikwenda kuwamwaga, akarudi kutuuliza kama tumekula.

Mashine ilipokubali, nikataka tuhamie Dar es Salaam. Nyamisati kifaa kidogo kikiungua, kazi ililala mpaka kingine kitoke mjini. Dar tulipata nafasi kwenye jengo lenye kampuni changa tele: hawa wanaunda betri, wale pampu, na vijana wa chuo wanapita kuomba kazi. Mwenzangu alisita. Mimi ndiye niliyeshikilia.

Nilikwenda kumuaga mama mdogo, nikamkuta anachambua kamba.

"Kwani hapa pamekosa nini? Jua si lipo?"

"Lipo, mama. Tunakosa watu."

Akainua macho. "Na sisi?"

Nikababaika kumweleza: watu wa kazi kama yetu, wa kuulizana nao. "Haya, mwanangu," akasema, akatufungia samaki wa kukaanga.

Kinachoniuma ni kwamba sikukosea. Hatujamaliza hata kupanga vyombo, jirani wa betri akaja kunywa chai, akaitazama mashine, akatuonyesha hitilafu iliyotusumbua tangu Nyamisati. Leo mashine zetu ziko Mafia, Kilwa, hata Pemba.

Majuzi mashine tuliyomwachia mama mdogo iliharibika. Alipiga simu, nikamwambia fundi anakuja, huku najua nimemtuma kwanza kwa mteja mkubwa. Mwishowe nikaenda mwenyewe. Alikuwa akivunja barafu iliyoletwa na lori kutoka Dar, kanga imemlowa mpaka magotini. Chumba chetu cha zamani kilijaa boriti za mikoko za mpangaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Nikaitengeneza mashine. Kisha nikaanza kumwambia kwamba tutafungua tawi Kibiti, karibu naye, nikaishia katikati, maana nilijua hatutafungua. Alidhani nimechoka. Akanitandikia mkeka, akaniambia nilale kidogo.