Usingizi wa Mashine ya Kuangua

Betri ya mashine ilikuwa inakata kila alasiri mawingu yakitanda, na zilibaki siku nne tu mayai yaanguliwe. Mayai yenyewe mama mkwe wangu wa kijijini Kisoko alichangiwa na wanawake wenzake wa kanisa. Yakiharibika, uso wangu nitauweka wapi?

Mashine ya kuangua nilimtengenezea mimi, dukani kwangu Busia, kwenye umeme wa ukutani, nikaiona safi kabisa. Wala sikujua inavyokula betri. Kwake ilitumia paneli ndogo ya sola, na ilikaa chumbani mwake, ambamo kwa desturi yetu mkwe hakanyagi, wala hasemezani na mama mkwe ana kwa ana. Basi nilikaa uani na laptopu, waya umepita dirishani, mke wangu amesimama mlangoni kupeleka maneno huku na huko.

Nilichokiona, jamani! Kompyuta ndogo iliyomo ndani haikuwa inalala hata kidogo. Kiini cha mfumo wake, yaani programu mama inayoziendesha nyingine zote, kiliiamsha mara elfu kwa sekunde ihesabu wakati tu. Juu ya hapo programu zangu, ya kupima joto, ya kufungua tundu la hewa, ya kugeuza mayai, kila moja ilidai kuamshwa kwa saa yake kamili. Na usahihi huo ndio niliokuwa najivunia, mjinga mimi.

Mke wangu akamweleza mama yake. Sauti ikatoka ndani: "Mwambie mkwe, kuku wangu huacha mayai akaenda kuchakura, halafu anarudi. Kwani mashine yake inaogopa mayai yatakimbia?"

Hakukuwa na haja ya mke wangu kunipelekea hayo, niliyasikia mwenyewe. Nilicheka, nikaona aibu, nikaanza kazi. Nikakizuia kiini kuhesabu pasipo na kazi. Programu nazo nikaziruhusu zichelewe sekunde chache, ili kiini kizikusanye, kiiamshe kompyuta mara moja, zimalize zote, ilale tena. Joto la yai halibadiliki kwa sekunde chache.

Nikarudi Busia, mke wangu akabaki. Kesho yake mvua ilinyesha kutwa, nami nikapiga simu kila saa. "Betri ipo! Hebu nipumzishe!" akafoka. Hadi jioni ilikuwa ipo, nikashukuru Mungu, nikala nikashiba.

Siku ya nne namba ya mke wangu ikaita. Aliyeongea ni mama mkwe, ambaye tangu nioe hajawahi kunisemesha moja kwa moja.

"Mwanangu," akasema, "sikia."

Akaisogeza simu kwenye mashine. Vifaranga walikuwa wakilia, wengi, kwa fujo. Nikakaa chini palepale dukani, mbele ya wateja, machozi yakanitoka.