Injinia na Friji ya Fabiola

Baba yangu, Bonaventura Sulle, aliitwa Injinia kabla hajakaa darasani hata siku moja kusomea ufundi. Jina hilo alipewa na manesi. Zahanati za kwetu Mbulu zilitunza chanjo kwenye friji za mafuta ya taa, na friji hizo zikigoma kupoza, baba alikuwa na dawa moja: kuzima utambi, kuipindua friji miguu juu, kuiacha siku nzima, kisha kuisimamisha na kuwasha. Bruda mmoja wa misheni ndiye aliyemfundisha. Ilikuwa inapoza kweli. Alitembea na dawa hiyo kutoka Daudi mpaka Yaeda Chini, kwa miguu pale gari lisipofika, na sitaki mtu amcheke kwa hilo. Watoto wengi wa kule walichanjwa kwa sababu yake.

Kisha serikali ikafungulia milango bidhaa za nje, friji za umeme zikaanza kushushwa Katesh kutoka kwenye malori. Fabiola, mama aliyekuwa akiuza soda na maziwa ya mgando kando ya barabara ya Singida, akanunua ya kwake. Mwaka 1997 ikaanza kulegalega, akamwita baba. Baba akaipindua kama alivyozoea. Kesho yake akaisimamisha, akachomeka waya papo hapo, ikanguruma kidogo na kunyamaza. Haikuamka tena.

Baba hakuwa mtu wa kusema "sijui". Alimwuliza Fabiola, Agatha, mama mkwe wa Fabiola, akiwa amesimama mlangoni, kama huwa anaweka maziwa yakiwa bado ya moto. Fabiola akajibu labda mara moja moja.

"Basi ndiyo hiyo," baba akasema. "Umeiua mwenyewe."

Hadithi hiyo aliisimulia nyumbani tukacheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kadhaa niliwaambia wanafunzi wangu kwenye somo la sayansi: msiwe kama yule mama wa Katesh.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, ofisi mpya za Babati zikatafuta watu wa kufunga viyoyozi. Zabuni ilitaka mkandarasi mwenye leseni, na leseni ilitaka cheti cha kupimwa ufundi. Baba alikuwa na miaka hamsini na mbili. Fomu nilimjazia mimi, kwa majivuno, na mwezi wa tatu mwaka 2003 akapanda basi kwenda Arusha kupimwa.

Kule walimwonyesha friji ya umeme isiyopoza, wakamwambia aitengeneze. Baba akawaomba watahiniwa wawili wamsaidie kuipindua. Chumba kizima kikacheka, isipokuwa msimamizi, Mwalimu Ezekiel.

"Mzee wangu, hapana," alimwambia taratibu. "Hii ina kompresa. Ukiipindua, mafuta yake yanatoka yanaingia kwenye mabomba. Ukiiwasha kabla hayajarudi, unaiua."

Baba alirudi akatuambia amefeli. Alichoongeza ni kwamba vijana walimcheka. Akaanza kusoma kwa taa, madaftari yangu ya fizikia yakiwa yamemzunguka, akawa anakonda. Nikadhani ni aibu ya kuchekwa na vijana. Safari ya pili akafaulu, na mwaka 2004 leseni ikaja ndani ya bahasha ya kaki. Tukataka kutoa misa ya shukrani. Akakataa.

"Kile kicheko hata sikukisikia, Violeth," akaniambia jioni hiyo, macho chini. "Nilisikia 'unaiua' tu. Neno hilo nililisema mimi kwa Fabiola."

Nilimjibu maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwonea aibu, halafu nikawakumbuka wanafunzi wangu, nikajionea aibu zaidi. Yeye alichoogopa ni kimoja: Katesh ni mji mdogo. Fabiola akiujua ukweli na kuamua kuusema, hakuna atakayempa Injinia kazi, na leseni itabaki karatasi. Kwa hofu hiyo alikuwa amenyamaza zaidi ya mwaka mzima. Jumamosi tukaenda wote wawili.

Tulimkuta Fabiola sokoni, ametandaza vitunguu juu ya kiroba. Soda aliacha siku ile ile friji ilipokufa.

"Shikamoo, Injinia," alisema, akamfutia baba kigoda kwa kanga.

"Marahaba, mama." Baba hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: alivyoipindua, alivyoiwasha, alivyomsingizia. Fabiola aliendelea kupanga vitunguu, vikubwa mbele, vidogo nyuma.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu." Mikono yake ikasimama. "Mama mkwe tulimzika mwezi wa kumi, mwaka huo huo. Miaka yote ile, mgeni akija, yeye ananinyooshea kidole: huyu ndiye mwenye mkono wa kuua vitu. Hata siku za mwisho, uji wangu alikuwa hanywi."

Baba alikuwa amekuja na ile bahasha ya kaki, sijui alitaka kuonyesha nini. Akairudisha ndani ya koti.

"Usiogope, Injinia," Fabiola akasema. "Sitamwambia mtu. Niliyetaka asikie alikuwa mmoja tu."

Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akiuliza bei ya vitunguu.