Fleti Inayosomwa kwa Vidole

Saa moja kasoro robo, asubuhi ya Jumamosi. Jua linapenya pazia la sebule iliyo ghorofa ya tatu, linagusa vishikio vya shaba vya kabati la kale, na ukuta mzima unageuka rangi ya asali. Katikati ya chumba yupo mwanamke wa miaka hamsini na miwili, amejifunga kitambaa machoni, mikono ameitanguliza mbele, anatembea taratibu kuelekea jikoni.

Goti lake linakutana na kona ya meza.

"Bado," anasema. Anavua kitambaa, anaisogeza meza shubiri moja, anajifunga tena na kurudi mlangoni kuanza upya.

Kwenye karakana ya samani anakofanya kazi wanamwita Dada Msasa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni ileile: kuchukua viti na makabati yaliyochakaa, kuyapiga msasa mpaka yalainike, kisha kuyapaka vanishi yarudi dukani yaking'aa. Analipwa kwa kipande. Mwezi mzuri anamaliza vipande thelathini. Mwezi wa mvua, vanishi ikigoma kukauka, hafikishi hata kumi na tano.

Lakini nyumbani kwake hakuna kinachong'aa. Huko ameweka vitu ambavyo wateja walivikataa na tajiri wake alitaka kuvipasua kuni: kabati la duka la dawa lenye droo ishirini na nne, redio ya mbao yenye kitambaa usoni, taa za mafuta, taipureta isiyo na herufi mbili.

"Wenzangu wanasema nakusanya vikuukuu," anasema. "Nawaambia kuukuu ni kitu kilichochoka. Vyangu ni vya kale, vimepumzika tu."

Wenzake hawajakubali mpaka leo, na utani hauishi.

Mwaka jana, watoto wake wawili walipokwisha kuondoka kila mmoja na familia yake, kodi ya nyumba kubwa ilimshinda. Akahamia fleti hii ya vyumba viwili, ambayo sebule yake ni hatua saba kwa nne. Alikuwa na vitu arobaini na kimoja. Kumi na tano aliwagawia majirani, na anakiri alilia njia nzima kama aliyefiwa.

Vilivyobaki alivipanga kwa macho ya mtu wa vanishi, yaani kwa kufuata mwanga. Kioo akakielekeza dirishani kiongeze chumba. Taa akazitundika ukutani kuokoa nafasi ya chini. Kabati la dawa likawa ukuta kati ya sebule na ujia wa bafuni. Ukikaa humo na chai yako, sauti za barabarani zinakuwa mbali, na saa zinakwenda bila kukusumbua. Mwandishi wa makala haya alikaa mpaka chai ikapoa, wala hakujali.

Kisha ikaja habari ya mama.

Mama yake ana miaka themanini na mmoja, na macho yake sasa yanaona mwanga tu. Hawezi tena kukaa peke yake. Kaka mkubwa ana nyumba ya chini yenye uwanja mpana, katika mji mwingine ulio safari ya siku nzima. Ukoo wote ulikubaliana huko ndiko kunakofaa, na mizigo ya mama ikatangulia. Dada Msasa akaomba apewe wiki moja tu. Mama akishindwa kuishi hapa, kaka aje Jumapili amchukue.

"Akienda kule nitamwona mara moja kwa mwaka," anasema. "Kwa umri wake, nitamwona mara ngapi? Mimi nisiseme mengi. Nampenda mama yangu, basi."

Ili kumpokea, alitaka kumfurahisha. Alikuwa na kiti cha marehemu baba yao, karani aliyechonga penseli zake kwa kisu, akiziegemeza kwenye mkono wa kiti, mpaka mbao ikajaa mikwaruzo. Dada Msasa akakifanyia anachokijua. Siku nne za msasa, kisha vanishi tabaka tatu.

Mama aliwasili Jumatatu. Akaketishwa, akapapasa mkono wa kiti, akapapasa tena.

"Hiki kiti cha nani?" akauliza.

"Cha baba, mama."

"Baba yenu gani? Mwanangu, kiti cha baba yenu nakijua."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Dada Msasa. "Miaka yote nawakataza watu wasiguse vitu vya kale. Halafu cha baba nimekimaliza kwa mikono yangu mwenyewe."

Siku hiyohiyo mama alijigonga mara tatu. Jioni akasema kwa upole kwamba nyumba ni nzuri, ila ni ya watu wenye macho. Kiti hakukikalia tena.

Hapo ndipo kitambaa kilipoanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Dada Msasa anajifunga macho na kuipanga upya nyumba kwa vidole. Kioo kimehamia chumbani. Vitu vyenye kona vimesukumwa ukutani, na vile vyenye mguso wa kipekee vimewekwa mahali pa kukata kona. Alhamisi mama alimsikia akijigonga, akauliza anafanya nini. Alipoambiwa, aliuliza jingine.

"Na kile kiti kilikuchukua siku ngapi?"

"Nne, mama."

"Siku nne unasugua mkono mmoja? Haya, nisogezee nikae."

Tangu hapo anakikalia, na vidole vyake haviachi kuteleza juu ya ule ulaini.

Asubuhi hii mama anatoka chumbani mwenyewe. Mkono wa kushoto unapita juu ya vishikio vya shaba vya kabati la dawa. "Baridi. Hapa bafuni." Hatua tano mbele, vidole vinafika kwenye kitambaa cha redio. "Hapa jikoni." Binti yake amesimama pembeni, mikono tayari kumdaka. Mama anafika kitini, anaketi, anaomba chai.

Simu inaita. Ni kaka, na sauti yake inasikika chumba kizima.

"Mama, kesho nitoke huku saa ngapi?"

"Toka mapema, baba. Uje na sanduku langu."

"Sanduku la nini tena? Nimeshalipanga chumbani kwako."

"Lipangue."

Kaka anacheka, anasema sawa mama, na kumsalimia mdogo wake. Mdogo wake amekaa sakafuni, kichwa amekilaza magotini pa mama, machozi yanamtoka.

Sanduku lina urefu wa futi nne, na sebuleni hakuna futi nne. Jumatatu lazima kitu kimoja kiondoke, na mkusanyaji huyu, aliyelia kwa ajili ya vitu kumi na tano, safari hii hana hata hamu ya kuchagua.

"Atachagua mama," anasema. "Nyumba ni yake."