Mama wa Dirishani

Juzi asubuhi nilimpelekea uji mpwa wangu, aliyekuwa akisubiri kujifungua katika kituo kimoja cha afya hapa chini ya milima ya Uluguru. Muuguzi kijana akaingia na dripu ya kuongeza uchungu, akamwendea mama aliyelala kitanda cha dirishani.

"Wewe ndiye wa dirishani, siyo?"

"Ndiyo, dada."

Kweli alikuwa dirishani. Ila alihamia hapo alfajiri, baada ya mwenzake aliyelala hapo kushindwa na baridi ya mlimani, wakabadilishana vitanda. Mama mkwe wa huyu aliyehamia akaudaka mkono wa muuguzi.

"Dawa gani hiyo? Huyu ana mshono wa upasuaji wa uzazi uliopita, anasubiri kupasuliwa tena!"

Muuguzi akairudisha dripu nyuma.

"Mungu mkubwa," wodi ikapumua. "Hakuna kilichotokea."

"Kimetokea," akasema muuguzi mkuu kutoka mlangoni. "Bahati yetu mama mkwe alikuwepo. Kesho je?"

Nimelibeba swali hilo hadi leo. Kama dawa ile ingeupasua mshono na mama huyo akafariki, tungekaa matangani tukiulizana ilikuwaje. Kwa kuwa alinusurika, tulishukuru tukaendelea na uji. Na mbele ya sare nyeupe sisi huitikia "ndiyo" hata kabla swali halijaisha.

Muuguzi kijana akaenda kwa yule aliyekimbia baridi, ambaye ndiye mwenye dripu. Safari hii hakutaja kitanda.

"Mama, niambie jina lako."

"Ndiyo, dada," akajibu kwa adabu zake zote.

Muuguzi hakucheka. Akauliza tena.