Mpira wa Buluu na Nyumba ya Vyumba Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi na kuonywa nisiguse fimbo. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, miezi michache baada ya baba kumfuata mama kaburini, na klabu moja ya watumishi pale Masasi ilikuwa inatafuta mtu wa usafi. Msimamizi wa klabu, mzee wa Kiyao mwenye sauti ya chini, alinisimamisha mbele ya meza iliyokuwa kubwa kuliko chumba nilichozaliwa, imevikwa kitambaa cha kijani.

"Binti, umewahi kuchunga mbuzi?" aliniuliza.

"Nimechunga, Mzee."

"Basi unajua manyoya ya mbuzi yanalala upande mmoja. Na ya kitambaa hiki hivyo hivyo. Ukipiga brashi kinyume, mpira utapinda wenyewe njiani, na mimi nitakwenda kukusemea kwa wakubwa wako nyumbani."

"Nyumbani mkubwa ni mimi," nilimjibu.

Akanionyesha namna ya kushika brashi.

Meza ile ilikuwa ya snuka. Vijana wa leo wanajua meza ndogo za baa, kwa hiyo nieleze. Ya snuka ina urefu wa futi kumi na mbili na mifuko sita yenye midomo myembamba isiyosamehe. Kuna mipira kumi na mitano myekundu, sita ya rangi nyingine, na mmoja mweupe, ambao ndio pekee unaopigwa kwa fimbo ili usukume mingine mifukoni. Kila asubuhi nilipiga brashi kuanzia upande wa mstari wa kuanzia hadi mwisho wa meza, bila kurudi nyuma. Mara moja kwa wiki nilipitisha pasi ya mkaa, baada ya kuijaribu kwanza kwenye gazeti. Gazeti likibadilika rangi, unasubiri. Mipira niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na kuifuta kwa kanga iliyochakaa. Wanachama walipocheza, nilisimama ubaoni kuandika pointi.

Kazi ile ilikuja na nyumba. Vyumba viwili vilivyoegemea ukuta wa nyuma wa ukumbi, mlango mmoja, paa la bati. Hiyo ndiyo sababu niliing'ang'ania. Baada ya msiba, kikao cha ukoo kilikuwa kimewagawa wadogo zangu watatu: Festo aende kwa baba mdogo kule Lupaso, Yusta apelekwe Lukuledi kwa mama mdogo, na Beda, ambaye alikuwa bado hajaota meno yote, achukuliwe na mjomba kule Chilangala. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Nilimpigia magoti nikamwomba aniachie wote watatu.

"Una paa?" aliniuliza.

"Nimepewa na kazi, mjomba."

"Basi wakae. Lakini siku hilo paa likiondoka nitakuja kuwachukua, na sitaki kuona machozi."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichoona ni haki kwa watoto, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita.

Miaka miwili ilipita. Ndipo akaja Katibu mpya wa klabu, mtu mwenye haraka, aliyekuwa amecheza snuka mijini. Alikagua ukumbi, akasifu kitambaa, kisha akasema mbele yangu kama vile sipo, "Mtunza meza ni lazima aweze kucheza. Wanachama wanajifunza na nani hapa? Na ukuta? Nina kijana Mtwara anayeijua kazi. Atahitaji ile nyumba."

"Huyu binti ataweza," Msimamizi alisema.

"Huyu wa brashi?"

"Mpe miezi mitatu, Bwana Katibu. Asipimwe mchezo mzima. Apige buluu kumi ndefu."

Katibu alicheka. Mpira wa buluu husimama katikati kabisa ya meza. Mweupe unauweka karibu na kona ya upande wa kuanzia, hivyo kwamba mweupe, buluu na mfuko wa kona ya mbali viko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kwa mtu asiyejua, hakuna mpigo rahisi kama huo. Kwa anayejua, hakuna unaomvua mtu nguo haraka zaidi, maana fimbo ikiyumba kwa unene wa unywele, buluu inagonga mdomo wa mfuko na kurudi.

"Saba kati ya kumi," Katibu alisema. "Zikiwa sita, nyumba naikabidhi kwa mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoshika fimbo mara ya kwanza, na niliishika kama mchi wa kutwangia. Msimamizi alikuja nyuma yangu akanifungua vidole kimoja kimoja. "Mchi unaendeshwa na bega," alisema. "Hii inaendeshwa na kiwiko peke yake. Bega lilale. Mkono uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani, uende na kurudi." Alinifundisha kutengeneza daraja, yaani ule mkono wa mbele unaokaa mezani na kubeba fimbo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Daraja likicheza, kila kitu kinacheza.

Akanifundisha kuanza kusimama kabla ya kuinama. Unasimama nyuma ya mweupe, unauona mstari wote mpaka mfukoni, ndipo unaingia ndani ya mstari huo kwa mguu ule ule kila mara. Wengi huinama kwanza halafu wanatafuta mstari wakiwa chini, wakijisogezasogeza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukiona umeinama vibaya, simama uanze upya. Usirekebishe ukiwa chini.

Kwa wiki tatu hakuniruhusu kupiga mpira hata mmoja. Alilaza chupa tupu ya soda mezani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, nikawa napitisha ncha ya fimbo shingoni mwa chupa na kuirudisha bila kugusa kioo. Ikilia "ting", naanza kuhesabu upya. Mia moja asubuhi kabla ya kupiga brashi, mia moja jioni baada ya kufunga ukumbi. Nilivaa suruali ya marehemu baba chini ya kanga, maana kuinama kule mbele ya watu hakukunipendeza. Wanawake wenzangu bombani waliniuliza, "Editha, siku hizi umekuwa afisa?" Niliwaambia bado, nasubiri cheo.

Nilipoanza kupiga mipira, niliingiza mitatu kati ya kumi, na wiki zilivyopita ikawa minne. Hapo nikakwama. Msimamizi alikaa kwenye kigoda siku nzima akinitazama, kisha akasema, "Nimejua. Unainuka."

Ilikuwa kweli. Kabla fimbo haijamaliza kazi yake, kichwa changu kilikuwa kimeshanyanyuka, na kichwa kikinyanyuka bega linafuata, na ncha ya fimbo inapinda. Sababu zilikuwa nyingi. Nilizoea kutazama mpira unaingia wapi ili nikaandike ubaoni. Nilizoea kutega sikio ukutani, Beda asije akawa analia. Lakini kubwa kuliko zote ni kwamba nililelewa vizuri. Mtu mzima akiingia mlangoni, mtoto wa kwetu husimama, hupiga goti kidogo na kusema shikamoo. Ukumbi ule ulikuwa hauishi watu wazima. Nilikuwa napiga kila mpira nikiwa nusu nimeshasimama.

Dawa yake ilikuwa ungo. Aliufunga kwa kamba kwenye boriti, ukaning'inia upana wa kiganja juu ya kisogo changu nikiwa nimeinama. Nikiinuka mapema, ungo unanigonga na pumba zinanimwagikia. Wanachama walikuja kutazama kama wanakuja ngomani.

"Leo umepepeta debe ngapi?" aliuliza Mhasibu wa klabu.

"Subiri, Mzee, nitakuletea unga," nilimjibu, macho yakiwa chini.

Msimamizi mwenyewe alikuwa akitoka nje kwa makusudi na kurudi. "Hodi humu!"

Nami naruka. "Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba, mwanangu. Na umekosa." Anatoka tena. "Hodi!"

Mara ya ishirini hivi nilibaki nimeinama. Alisimama mlangoni, nikapiga, macho yangu yakabaki pale buluu ilipokuwa imesimama hata baada ya yenyewe kuondoka. Ndipo nikasimama na kumwamkia. "Marahaba," alisema. "Umeona? Sijafa kwa kungoja." Kuanzia siku hiyo niliingiza sita, mara saba, mara sita tena. Saba ilikuja na kuondoka.

Siku ya kupimwa ukumbi ulijaa. Ungo ulikuwa umeshushwa. Katibu alikaa pembeni akihesabu kwa sauti kubwa, kila mpigo: "Umeingia, wa kwanza!" Wa pili niliingiza. Wa tatu mtu mmoja alipiga chafya nikainuka, buluu ikagonga mdomo wa mfuko. Baada ya mipigo saba nilikuwa na mipira mitano.

Nilikuwa nimeinama kwa ajili ya wa nane, fimbo imerudi nyuma, nimeshika pumzi, niliposikia mlango na kile kikohozi kikavu nilichokijua tangu utotoni. Mjomba. Alikuwa amesikia sokoni kwamba nyumba inachukuliwa, akaja na baiskeli mbili kutoka Chilangala kuwachukua watoto. Nilijua bila kutazama kwamba amesimama, kofia mkononi, akingoja mtoto wa dada yake asimame. Wazee walisogea kumpisha. Magoti yangu yalitaka kunyooka yenyewe. Nilibaki chini. Nilipiga.

"Umeingia. Sita!" Katibu alisema.

Nilisimama, nikageuka, nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

Hakujibu. Alinitazama tu. Nyie mliokulia kwetu mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Nilirudi mezani, na mpigo wa tisa ulikwenda hovyo kabisa.

Msimamizi alinipa chaki, ingawa fimbo haikuhitaji. "Unapaka taratibu," alinong'ona. "Halafu unasimama nyuma ya mpira. Halafu unaingia kwa mguu ule ule. Mengine si yako."

Nilipaka. Nilisimama nyuma ya mweupe mpaka nikauona mstari. Niliinama mara moja nikaona nimeinama vibaya, nikasimama nikaanza upya, na watu wakaguna. Nikaingia tena. Kiwiko kikaenda, kikarudi, kikatulia, kikaenda. Nilibaki nikitazama kitambaa kitupu pale katikati mpaka Katibu aliposema, kwa sauti ndogo kuliko zote za siku ile, "Saba."

Mjomba ndipo akasema, "Marahaba." Kisha akamuuliza Katibu, "Nyumba ni yao?" Katibu akasema ni yao. Mjomba akavaa kofia, akapanda baiskeli moja na kuikokota ya pili, akaondoka. Wiki iliyofuata nilikwenda Chilangala na jogoo kumwomba radhi kwa kumsimamisha. Alimpokea jogoo, akaniambia, "Ungesimama kunisalimia, wadogo zako wangekuwa hapa kwangu leo. Nilikusamehe siku ile ile, lakini jogoo namchukua."

Nilitunza meza ile miaka mingi, na klabu ilipofungwa nilihamia Newala, kwenye ukumbi uliokuwa chini ya Mwenyekiti mmoja mpole ambaye hakuwahi kuingiza mpira wa pili mfululizo. Kule juu kuna ukungu. Asubuhi kitambaa kinakuwa kizito, mpira unachoka kabla ya kufika, na nililazimika kujifunza upya nguvu za kila mpigo. Nilifundisha walimu, makarani, manesi, na katekista mmoja aliyekuwa na kiwiko kizuri kuliko wote. Baadaye zikaja meza ndogo na vijana wanaopiga kwa nguvu ili wasikike. Kwao nilianza na chupa ya soda, wakacheka, na wale waliorudi siku ya pili ndio waliojua kucheza.

Kwa mnaotaka kuboresha mpigo wenu, sina siri niliyoificha. Jirekodini kwa simu mkiwa mnapiga, mtazame kichwa tu, msitazame mpira. Pigeni buluu kumi zilizonyooka kila siku na mwandike idadi, hata ikiwa mbili. Msibadilishe fimbo kabla hamjabadilisha kiwiko. Na msihesabu siku mliyoingiza tisa. Hesabuni siku mbaya kuliko zote, kwa sababu siku ya kupimwa huja na hiyo.

Nilistaafu mwaka jana. Wadogo zangu walinifanyia chakula, wote watatu, sasa wana wajukuu. Niliwasimulia wajukuu habari za ungo, wakacheka mpaka Beda akapaliwa. Festo hakucheka. Aliniambia jambo ambalo miaka yote hii nilikuwa silijui: kwamba siku ya kupimwa mjomba alipita kwanza nyuma ya ukumbi na kuwaambia wafunge mizigo. Walifunga. Wakaikalia, watatu, migongo ukutani, Yusta akimziba Beda mdomo ili wasikie Katibu anavyohesabu upande wa pili. Waliposikia saba hawakushangilia, waliogopa kunisumbua. Walifungua mizigo haraka, wakarudisha kila kitu mahali pake, na nilipoingia niliwakuta wanachambua mboga.