Karatasi Arobaini Ndani ya Kihenge

Wenzangu mliosoma mkiwa mmekaa juu ya tofali, kalamu ya risasi imekatwa vipande viwili ili mdogo wako naye apate, sogeeni karibu. Hawa wa siku hizi tuwaache na simu zao. Ukiwaambia kwamba sisi kitabu cha hadithi tulikitengeneza kwa kuzunguka uani kwa miguu huku tunaimba tebo ya saba, watacheka mpaka chaji iwaishie.

Mimi ni mtoto wa Haneti. Baba yangu, Mwalimu Yeremia, alifundisha shule ya msingi asubuhi, alilima mtama na uwele kama watu wote, na alikuwa mtunzi wa riwaya. Naomba mlisome hilo polepole, maana mimi mwenyewe mpaka leo linanishangaza. Mgogo ambaye Kiswahili alikikuta darasani, hajawahi kuingia duka la vitabu hata siku moja, anakaa chini ya koroboi anaandika riwaya! Aliwahi kupeleka mswada kwa wachapaji wa Dar es Salaam. Ulirudi baada ya miaka miwili ukiwa na barua ya mistari mitatu na duara la kikombe cha chai kwenye jalada. Baba aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Basi. Tutajichapia wenyewe."

Na kweli tulijichapia. Alipiga stensili kwa taipureta ya shule baada ya wanafunzi kuondoka, na akikosea alipaka dawa nyekundu yenye harufu kali ambayo sisi watoto tuliinusa kwa siri mpaka vichwa vikatuuma. Halafu stensili zilikwenda parokiani, ambako palikuwa na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono. Jumamosi nzima tulizungusha kwa zamu. Ukirudi nyumbani una wino puani, masikioni, hata kwenye ugali. Majalada yalikuwa karatasi za mifuko ya saruji tulizozinyoosha kwa pasi ya mkaa, na kushona tulishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Kitabu cha Baba hakikuchanika. Ungeweza kumpiga nacho fisi.

Mauzo yake sasa, jamani! Baba alikwenda navyo mnadani. Siku ya mnada, wachungaji wameshuka na ng'ombe, Warangi wameshuka na vitambaa na chumvi, moshi wa nyama umetanda, yeye anapanda juu ya kreti la soda na kuanza kusoma. Hakupiga kelele. Alisoma kwa sauti ileile aliyosalimia nayo watu, na kidogo kidogo wale waliokuwa wakibishana bei za mbuzi walinyamaza. Akifika pale ambapo mama mmoja ameshika mdomo, anafunga kitabu. "Mwalimu, endelea!" "Endelea mwenyewe, hiki hapa." Wasiojua kusoma walinunua pia, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto wa shule, na mtoto wa shule siku zile aliwasomea wazee wake jioni bila kulipwa vocha.

Mama hakuvipenda vile vitabu. Alikuwa mwanamke wa jembe, maneno yake mafupi. Mwaka ninaousimulia, nilipokuwa darasa la tano, Baba aliuza beberu wetu mkubwa ili apate karatasi. Mama alimwambia mbele yetu, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "Baba Yudithi, karatasi hailiki." Baba akainamisha kichwa. Kisha akasema neno ambalo lilinikaa kifuani: "Mama Yudithi, hiki kikikwama, naacha. Sitashika kalamu tena isipokuwa ya kusahihishia madaftari." Nilimfahamu baba yangu. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Kitabu chenyewe kiliitwa Bibi Harusi wa Mwaka wa Njaa. Binti anaozwa na baba yake, mbali, kwa magunia ya mtama ili ndugu zake wasife. Miaka inapita, njaa inakwisha, naye anaanza safari ya kurudi. Anafika njia panda ambapo moshi wa kwao unaonekana. Hapo ukurasa uliisha, na kilichofuata kilikuwa kwenye karatasi moja peke yake, ya mwisho kabisa.

Kupanga kurasa kulikuwa kazi ya watoto. Marundo yalitandazwa uani, kila moja limekandamizwa na jiwe, maana upepo wa Dodoma mnaujua, hauna adabu. Tulipita kwa mstari tukiokota karatasi moja kila rundo, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, na mwisho wa mstari una kitabu mkononi. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa mwandishi, nilipewa heshima ya kulinda rundo la mwisho. Karatasi arobaini, kwa vitabu arobaini.

Ukaja upepo wa kuzunguka, vumbi mpaka angani. Nikazikumbatia zile karatasi, nikakimbilia ndani ya tembe, nikazitumbukiza kwenye kihenge kikubwa kilichokuwa kitupu kikingojea mavuno. Nikafunika na kipande cha gunia. Akili nzuri tu. Halafu nikasikia wenzangu wanaitana kucheza rede nyuma ya kanisa. Nikajiambia nitarudi sasa hivi. Wee! Mtoto na rede. Nilirudi jua limeelekea magharibi, nikakuta vitabu vyote vimeshonwa bila hata mmoja kukumbuka rundo langu, na Mama na shangazi zangu wamemaliza kujaza mtama kwenye kihenge. Mdomo wake ulikuwa umekwishazibwa kwa udongo mbichi.

Sasa mlio wa kwetu mnajua. Kihenge kikishazibwa, kwa ukoo wa Mama kilikuwa hakiguswi mpaka miezi ya njaa. Kukifungua kabla ya wakati ni kuiita njaa kwa jina lake. Bibi yetu alikuwa anasema hivyo huku anatukazia macho. Nami nikafanya walichofanya watoto wengi wa enzi zetu walioogopa fimbo. Nilinyamaza. Nikaomba Mungu watu wasifike mwisho wa kitabu.

Walifika. Vitabu vilikwisha vyote mnada wa kwanza, na mnada uliofuata tulikwenda na Baba, nimekaa kwenye keria ya baiskeli, yeye anapiga mluzi. Hatujashuka vizuri, mchungaji mmoja mrefu akaja na kitabu mkononi, akasalimia Kigogo. "Mbukwenyi, Mwalimu." "Mbukwa." "Mwalimu, umeniuzia ng'ombe asiye na mkia." Wengine wakasogea. Walikuwa na hasira za watu waliokosa usingizi. Mfanyabiashara mmoja wa Kondoa, mtu mpole sana, akasema, "Mwalimu, usinione vibaya, lakini huu ni ujanja. Unataka tununue mwisho wake peke yake." Baba alikichukua kile kitabu, akafungua nyuma, akatazama. Nikaona rangi yake inabadilika. Alifungua cha pili. Cha tatu. Akavifunga, akamrudishia kila mtu chake.

Siku ile alisukuma baiskeli mpaka nyumbani, hakuipanda. Stensili ya ukurasa ule ilikwishachanika, na hata ingekuwepo, beberu wa pili hakuwepo. Alizifunga kalamu zake kwa kitambaa, akaziweka juu ya mwamba wa paa. "Nimekwisha kuitwa mlaghai," alimwambia Mama. "Yamekwisha." Mama hakufurahi. Mimi nilidhani atafurahi.

Nilikaa siku mbili bila kula vizuri. Siku ya tatu nilimfuata Mama kwenye jiwe la kusagia. Nikamwambia yote, upepo, kihenge, rede. Nililia mpaka kamasi. Nilingoja kofi. Mama aliacha kusaga, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akainuka, akachukua jembe dogo, akaingia ndani.

"Mama, ni mwiko!"

"Najua ni mwiko. Mtama tutautafuta. Jina la mtu likioza, utalianika wapi?"

Akauvunja ule udongo kwa mkono wake mwenyewe. Tulichota mtama tangu saa nne asubuhi mpaka adhuhuri, tukaumwaga kwenye majamvi, majirani wanachungulia na kushika videvu. Mama aliingia ndani ya kihenge kichwa kwanza, miguu tu inaonekana, na sauti yake ikatoka humo ndani: "Zipo!" Zilikuwa kavu, safi, zinanukia mtama mpya. Baba aliporudi kutoka shule akamkuta mkewe ameketi mlangoni, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, karatasi arobaini mapajani. Alipiga magoti, baba yangu. Sikuwahi kumwona akimpigia magoti mtu mwingine isipokuwa kanisani. Na mimi, msidhani nilisamehewa bure. Adhabu yangu ilikuwa kufuatana naye nyumba kwa nyumba, kubeba kopo la gundi ya uji, na kumweleza kila mnunuzi kwa kinywa changu nilichofanya.

Tukaanza. Haneti yote, kisha vijiji vya njia ya Chemba, kila mwisho wa juma. Baba alimkumbuka kila mtu aliyemwuzia, nyumba yake, na sura ya kitabu aliyokuwa akiipenda. Tulifika, shikamoo, marahaba, mimi nasema kosa langu, Baba anabandika karatasi, halafu anaisoma. Watu waliita majirani. Tulilishwa mlenda na karanga mbichi mpaka tumbo likagoma. Yule mchungaji mrefu alisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, fimbo begani, akasema tu, "Sasa ana mkia."

Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Mzee Chidawali, upande wa Chemba. Alikuwa amelala juu ya ngozi, mgonjwa, na mjukuu wake ndiye aliyemsomea kitabu. Kabla hatujakaa vizuri akauliza, "Mwalimu, yule binti, amerudi kwa baba yake?" Mjukuu akatunong'oneza kwamba katika njaa kubwa ya ujana wake, mzee huyu naye aliozesha binti wa kwanza kwa mtama, na kwamba swali hilo analiuliza kila siku.

Mimi karatasi ile nilikwishaijua kwa moyo. Binti harudi. Anatazama moshi wa kwao mpaka macho yanamwuma, kisha anashika njia ile nyingine. Nilimtazama Baba. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa kwanza. Moyoni nilimwomba, Baba, mdanganye, mgonjwa huyu, nani atajua? Baba akasoma kama ilivyoandikwa. Neno kwa neno, kwa sauti yake ya siku zote, mpaka nukta.

Machozi yalimtoka mzee yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Na wangu hakurudi," akasema. "Watu wote hapa wananiambia atakuja kesho. Wewe peke yako umenisomea kweli. Ibandike, Mwalimu. Ibandike vizuri." Baba akanikabidhi karatasi ile, nikaibandika mimi.

Tuliporudi, Baba alizishusha kalamu kutoka kwenye mwamba. Mtama tulioutoa ukaingia wadudu, tukala ugali wa kuazima mwaka ule, lakini aliandika. Aliandika riwaya tisa nyingine, zote zikashonwa uani kwetu, na Mama ndiye aliyekuwa akikagua kurasa za mwisho. Hakuna hata moja iliyofika maktaba. Lakini nikisafiri vijijini huko, naingia nyumba ya mtu nisiyemjua, naona jalada la mfuko wa saruji na uzi wa katani sandukuni, nami nafungua nyuma kuhakikisha mwisho upo.

Leo Baba anakaa kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini, macho yamefifia. Mwezi uliopita binti yangu aliichapa Bibi Harusi kwenye simu, akairusha huko wanakorushiana mambo. Kwa siku moja iliwafikia watu wengi kuliko waliowahi kusimama mbele ya lile kreti la soda. Akakaa miguuni pa babu yake akimsomea maoni yao. Mmoja: "Mwisho umenivunja moyo, badilisha." Mwingine alikuwa ameweka vikatuni vya kulia tu, ishirini kwa mpigo. Nilimwona Baba anasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, na nikajua enzi zetu zilikuwa na dhiki nyingi, lakini hii haikuwemo.

"Huyo aliyevunjika moyo," akauliza, "anakaa wapi?"

"Haijulikani, Babu."

"Anaitwa nani?"

Binti yangu akalitazama jina. "Kaandika Mtoto wa Mjini, Babu. Si jina lake."

Baba alipapasa sakafu kwa miguu akitafuta viatu, kisha akaacha. "Amelia," akasema, "na hakuna hata mmoja wenu anayejua nyumba yake."