Wageni Waliotoka Mwezini

Juzi redio ilikuwa ikitaja kumbukumbu za wiki: mchoraji fulani alizaliwa, mashine fulani ilivumbuliwa, watu walitua mwezini. Iliposema mwezini, nikasikia harufu ya mlenda wa bibi, kule kwetu Shelui.

Habari ile ilipotufikia, nikiwa mtoto, bibi alitenga ugali wa uwele na mlenda, akavifunika kwa ungo. "Wametoka mbali hao, watarudi na njaa."

Nikaenda kuwasubiri barabarani. Mwezi ulikuwa ukizama upande wa Nzega, kwa hiyo nilijua watakuja na lori la kutoka huko. Alasiri likasimama moja, likinuka dizeli. Akashuka mwanamume mweupe kwa vumbi, kuanzia nywele hadi viatu. Leo najua alikuwa mpakizi wa magunia ya chokaa.

"Shikamoo. Huko mlikotoka mlikaribishwa?"

"Marahaba, binti. Hata maji hatukupewa."

Nikamvuta mkono hadi kwa bibi. Alikula ugali wote, akalamba vidole, akashukuru sana. Alipoondoka nikamweleza bibi maneno yake.

Bibi akasikitika. "Hata maji? Basi huko hakuna watu."